Maua Niliyoyahamisha

Jumamosi, 8 Februari 2025

Nimerudi kutoka Bungoma na sumu moyoni. Dkt. Kabiru, mkuu wangu wa kazi, kasimama mbele ya ukumbi mzima wa wanaakiolojia akaeleza "mbinu yake". Yake! Kwamba bustani ya mlowezi haifi: nyumba hubomoka, lakini vitunguu vya maua hubaki ardhini, na mvua ya kwanza ikinyesha huchipua palepale vilipopangwa. Fuata maua, chimba, utapata njia na kuta. Nani alitambaa kwenye matope ya Kitale msimu baada ya msimu akiyachora hayo maua kwenye ramani? Mimi, Nakhumicha! Jina langu halikutajwa hata kwa shukrani. Wamempigia makofi, nami nikapiga. Atanitambua.

Jumapili, 16 Februari

Wenzangu kanisani, mimi na jembe kwenye shamba la mlowezi, Kitale. Nimeng'oa vitunguu vya yungiyungi vya njia kuu, nikavipanda upya kule chini karibu na kijito, mstari umenyooka. Hakuna kitu pale. Ramani zangu aliziiba lakini hajawahi kuzisoma. Achimbe hewa mbele ya wafadhili wake! Mgongo unaniuma vizuri.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua! Maua yamechipua, mekundu, matiifu. Kabiru kapiga picha nayo kama bwana harusi. Ati, "Bana, si hii ndiyo njia ya bustani kabisa!" Ndiyo, Daktari. Nimejifungia chooni kucheka.

Jumatatu, 14 Aprili

Kuchimba kumeanza. Absalom, msimamizi wa wachimbaji, mtu wa kwetu Chwele, kaninong'oneza: "Madamu, hapa hakuna kitu. Mchanga ni raini tu, jembe inaingia kama kwa ugari." Kabiru anatoka jasho. Tamu!

Jumatano, 16 Aprili

Ule ulaini — mjinga mimi! Ni handaki la kale lililojaa udongo. Limepinda, refu. Vigae vya vyungu, jivu, meno ya ng'ombe. Hii ni lukoba, ngome ya udongo ya wazee wetu, ya kabla mlowezi hajapanda hata ua moja. Nimeitafuta tangu chuo. Na nimempa Kabiru kwa mikono yangu miwili.

Mwenyewe hajui anachokiona. Wafadhili wamesimama pale, kanishikisha kigae. "Nakhumicha, si wewe ndiye unajuanga vyungu? Ebu sema."

Nikayasikia tena yale makofi ya Bungoma. Nikamwambia ni takataka za juzi, Daktari, shimo la taka la mlowezi.

Uso ulimwanguka! Wageni wakarudi kwenye magari. Nimengoja siku hii, na utamu wake umekwisha kabla ya chai.

Sasa anataka lifukiwe leo leo, aibu isionekane. Nikisema kweli, ngome ni yake, na atauliza maua yalifikaje huku. Kazi yangu kwisha. Nikinyamaza, mahindi yatapandwa juu ya babu zangu.

Trekta limefika. Absalom ananiita kutoka ukingoni mwa handaki: "Madamu, toka basi. Dereva anataka kumariza."

Nimemwambia naandika kidogo. Kabiru anapunga mkono, trekta linawashwa, na mimi bado niko chini humu na sitoki.