Mawe saba niliyokiri bila kuyarusha

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada, na ujue kwamba katika miaka yangu sitini na tisa hii ni mara ya kwanza mimi kuomba maana mimi ndiye huombwa, uliza kuanzia huku kwetu nje ya Tabora mpaka Urambo ni nani aliyekuwa anabeba marobota mawili ya tumbaku kwa mkupuo mmoja, watakutajia Sylvester. Kusoma nilijifunza ukubwani kwa hiyo mwandiko uuvumilie, lakini maneno ni yangu mwenyewe Sylvester, sikusaidiwa na mtu.

Mimi natumikia kifungo cha nje. Kwenye kata yetu kulikuwa na uchaguzi mdogo wa diwani, matokeo yakachelewa kubandikwa, watu wakachemka wakarusha mawe ofisi ya kata, vioo vinne vikavunjika na ubao wa matangazo ukang'olewa, namshukuru Mungu hakuumia mtu. Siku hiyo mimi sikuwepo. Hilo ndilo nililolificha hadi leo. Nilikuwa Tura kwa mama mmoja mjane anaitwa Eustadia, yeye anauza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na asali pale stesheni treni ikisimama, na mimi ni mgane mwaka wa nane, basi nilikwenda kumsaidia kurina asali, nikapanda mti ambao vijana wa Tura wanauogopa, nyuki wakaniuma sikio la kushoto likavimba kama kitumbua.

Kesho yake nikarudi na treni, nikafika kwenye kahawa nikakuta watu wanawahesabu waliokamatwa, Majidi muuza kahawa anawataja kwa vidole. Nikamuuliza, "Na mimi?" Akasema, "Wewe mzee wetu enzi zako zimepita, hizi sasa ni kazi za vijana." Mshauri, mimi ni Mnyamwezi. Babu wa babu yangu alibeba pembe ya ndovu kutoka hapa hapa mpaka Bagamoyo akarudi, mara tatu, na zamani hizo mwanaume wa kwetu ambaye hajafika pwani alikuwa hahesabiwi. Sasa mimi nisihesabiwe na muuza kahawa? Nikainuka, kikombe sikumaliza, nikaenda polisi kwa miguu yangu nikawaambia mmemsahau mkubwa wao. Askari akaliangalia sikio langu akaandika. Watu wote walisema ni rungu la polisi lile, nami sikuwakatalia.

Mahakamani tulikuwa saba na mimi mshtakiwa wa kwanza, kama inavyostahili. Hakimu ni mama bado kijana, ana miwani. Akasema, "Umesikia shtaka, ni kweli au si kweli?" Nikasema, "Ni kweli mheshimiwa, tena kweli tupu." Wakasoma maelezo kwamba nilirusha jiwe. Nikasema, "Hapo pana upungufu, jiwe halikuwa moja, yalikuwa saba." Karani akainamisha uso. Hakimu akasema, "Mzee, shtaka umelielewa?" Nikamjibu nimelielewa kuliko aliyeliandika. Nyuma yangu alisimama Festo mpwa wangu, ana miaka thelathini na mbili, siku ile alikuwa pale na bodaboda yake anasubiri abiria tu, naye akasema ni kweli. Baadaye aliniambia, "Mjomba, nilijipanga kukana, lakini wewe umeshasema ni kweli, mimi ningeanzia wapi?" Wale watano wengine walikana, mashahidi wakashindwa kuwatambua, baada ya miezi mitatu wakaachiwa. Sisi tuliokiri tulipewa miezi sita ya kutumikia jamii. Festo aliomba kazi ya udereva kwenye shirika moja, fomu ikauliza kama amewahi kutiwa hatiani, kazi akakosa.

Majuto yangu si adhabu, adhabu naipenda. Kila asubuhi nafagia zahanati, uwanja ule haujawahi kuwa safi hivi tangu ujengwe, muuguzi amesema kwa mdomo wake, kinamama wakileta watoto kliniki wananisalimia shikamoo Jemedari, na mmoja amempa mwanawe jina langu. Nimebakiza miezi miwili na nikifikiria itaisha nasikia huzuni.

Majuto ni Eustadia. Amekubali nimuoe. Nilicheka peke yangu njia nzima kutoka Tura mpaka kondakta akaniuliza kama nina homa. Jumapili iliyopita padri ametangaza ndoa yetu mara ya kwanza, zimebaki mbili, lakini Eustadia alipokuja mjini akasikia vijana wananiita Jemedari. Akaniuliza, "Baba Koleta, siku ya mawe ulikuwa wapi?" Nikasema nilikuwa mstari wa mbele. Akasema, "Mstari wa mbele wa mizinga yangu. Mimi ndiye niliyekutoa miiba ya nyuki, ulikuwa unalia." Sikulia, mshauri, yalikuwa machozi ya moshi. Akasema, "Siolewi na mfungwa wa kosa lililotendeka yeye akilamba asali yangu. Nenda ukaseme. La sivyo Jumapili ya tatu nitapanda treni nije kanisani kwenu, padri akiuliza nani ana pingamizi nitasimama mimi bibi harusi."

Huyo mama akisema atasimama husimama. Sasa nikienda kusema sikuwepo, vijana wataniita nani, na Majidi si atanimaliza, na je, hakimu hatanifunga kwa ule uongo wa kwanza? Tiketi ya treni ninayo, nimeihifadhi ndani ya Biblia. Nishauri lakini usinidharau.

Sylvester, Tabora.

*

Shikamoo baba. Nimeanza na shikamoo kwa sababu yanayofuata si ya kumwambia mtu mzima.

Majina yenu nimeyabadilisha yote, ingawa la kwako uliliandika mara tatu. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini, na mpiga chapa aliomba nisimame kidogo apumue. Watu huniandikia wakiwa wamekana walichofanya. Wewe umekiri usichofanya, ukaongeza na idadi.

Kucheka nimemaliza, sasa tuzungumze. Sikio lako umelipa mistari mingi kuliko Festo. Huyu kijana alisimama nyuma ya kaka wa mama yake, akaona haya kumkanusha mbele za watu, akaungama. Hiyo ni heshima, na heshima hiyo imemnyima kazi. Wewe unafagia kwa furaha na unasalimiwa, yeye anafagia na kwao hakuna anayemwita jemedari. Ukinisikia nimekukasirikia, ni kwa ajili ya hilo.

Na babu wa babu yako usimsingizie. Alihesabiwa kwa sababu alikwenda. Hakukaa nyumbani akasimulia Bagamoyo.

Unauliza vijana watakuita nani. Watakucheka wiki moja, pengine mbili kwa sababu ya nyuki, kisha wataulizana harusi ni lini na pilau inapikwa wapi. Eustadia naye hashindani na sifa zako, baba. Anamtaka yule mzee aliyepanda mti kwa ajili yake, na huyo yupo kweli, ana shahidi na ana tiketi. Mwanamke wa namna hiyo wengine wanamtafuta maisha yao yote, wewe unamwachia asimame kanisani kujipinga mwenyewe?

Fanya hivi. Kwanza mwite Festo leo, usimtume mtu, mwambie kwa maneno haya: mwanangu, nimekuponza. Usiweke "lakini" baada yake. Pili, waambie wanao kina Koleta habari za Eustadia kabla hawajazisikia zaidi kanisani, maana Jumapili moja wameshasikia na najua wamenuna. Tatu, kabla ya Jumapili ya tatu nendeni wewe na Festo kwenye msaada wa kisheria hapo mjini, wapo wanaosaidia bila malipo. Nimemuuliza mwanasheria. Amesema aliyekiri kwa kinywa chake mlango wake wa rufaa ni mwembamba, na siku zenu zimepita, kwa hiyo itabidi muombe ruhusa na mtoe sababu. Sikuahidi mtashinda. Amesema pia kesi ya Festo itazamwe peke yake, kwa kuwa kusimama na bodaboda si kurusha jiwe, na huenda hakuelewa alichokikubali. Hofu yako ya kufungwa kwa uongo mwambie mwanasheria huyo kabla hujamwambia hakimu. Yeye ndiye aandike maombi, wewe usiandike. Ukiulizwa mawe yalikuwa mangapi, jibu ni hakuna. Usije ukaona aibu ukapunguza yawe mawili.

Ufagio usiuache hata siku moja mpaka mahakama yenyewe iseme. Miezi miwili ikiisha na bado unaupenda, muombe muuguzi akuachie uwanja. Kufagia kwa hiari hakuhitaji kosa.

Kwa Majidi uende mwenyewe, uagize kahawa, umwambie ulikuwa Tura. Ataeneza bure, utaokoa nguvu.

Na siku mtakayoitwa mahakamani nenda na Eustadia. Akae benchi la nyuma yako kabisa. Ukishajibu ulichoulizwa, ukasikia maneno mengine yanapanda kooni, yeye akuvute koti, nawe ukae.