Geti la Dakika Kumi za Mwisho

Shikamoo Baba,

Naomba Mungu kadi hii ikukute mguu umepoa, na Mama hakuachi uruke dawa.

Ijumaa arbabu, bosi wetu wa karakana, alitujaza kwenye basi akatupeleka uwanjani kutazama mpira wa ligi ya Waarabu wa huku. Kiingilio bure, na sambusa tukapewa. Hata hivyo wenyeji hawaji, ndiyo maana tukaitwa sisi kujaza viti. Mlinzi mmoja Mkenya akaniambia, "Kaa popote, ndugu yangu. Kamera ikija, piga makofi."

Nikakaa katikati, mahali pa wakubwa, tangu filimbi ya kwanza. Nikakumbuka Tanga, wewe umenibeba mabegani nje ya ukuta, unasikiliza kelele na kunitangazia nani ana mpira, tukingoja geti lifunguliwe dakika kumi za mwisho tuingie bila kulipa.

Zilipobaki kumi, Baba, niligeuka kutazama geti. Lilikuwa wazi tangu mchana, na nje hapakuwa na mtu. Nikaondoa chupa yangu ya maji kwenye kiti cha pembeni, nikakuachia nafasi.

Pona, mzee wangu.

Mwanao,
Hamisi