Daraja la Kwenye Kitabu cha Baba

Jumatatu, 2 Juni
Uji, dawa, kitabu. Kama jana. Baba haoni tena maandishi, namsomea mimi huku nageuza kwa Kiswahili. Riwaya ya Mrusi, tafsiri ya Kiingereza, aliipata huko huko Urusi alipokuwa anasomea kilimo cha pamba. Anasema mwandishi alijua kila ukurasa lazima upite kwa wakaguzi wa serikali. Daraja la mji limeanguka, mkuu wa mji kasema liko imara. Basi watu wanavua viatu, wanavuka majini mpaka kiunoni, na wanalisifu daraja. Baba kacheka mpaka kakohoa. Mimi sioni cha kuchekesha. Wajinga tu. Kaniuliza, umeelewa, mama? Nikasema nimeelewa. Uongo.

Alhamisi, 5 Juni
Majibu yametoka. Saratani ya ini, imeshasambaa. Daktari katuita mimi na Kaka Wambura, baba tukamwacha kwenye benchi. Kaka akatoa amri pale koridoni: hakuna kumwambia mzee. Ni vidonda vya tumbo, basi. Nimekubali, yeye ndiye mkubwa. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikatoka natabasamu. Baba kaniangalia sana.

Jumapili, 8 Juni
Nyumba yetu hapa Nyakato imejaa. Mashangazi kutoka Butiama, majirani, watu wa jumuiya. Kila anayeingia: mzee umenawiri! Amebaki mifupa. Alianza kusema jambo kuhusu kaburi la mama, kaka akamkatiza. Baba usiongee hivyo, utapona. Akajifunika shuka.
Namchukia kaka. Najichukia zaidi.
Jioni hakutaka kitabu.

Jumatano, 11 Juni
Jamani. Sijui nianzie wapi.
Kaja Mzee Ramadhani, fundi cherehani wa mjini, mtani wa baba tangu ujana. Hao wawili walikuwaga wanatukanana barabarani mpaka watu wanasimama kusikiliza. Leo hakusalimia. Katoa futikamba mfukoni, akaanza kumpima baba mabega pale pale kitandani.
“Tulia, Mzanaki. Nakupima suti ya kuzikiwa. Ukishakufa utakuwa mbishi zaidi.”
Shangazi akapiga yowe. Kaka akamkamata fundi ukosi amtoe nje.
Baba akacheka. Cheko lile lile la siku niliyomsomea daraja. Akacheka mpaka machozi, halafu yakabaki machozi matupu.
“Mwache, Wambura. Siku zote hizi niko majini peke yangu, nyie mnanisifia daraja.”
Kaka akamwachia fundi ukosi. Ramadhani akaendelea kupima. Baba akasema yote aliyokuwa ameyafungia: suti iwe ya bluu, azikwe Butiama kando ya mama, siyo makaburi ya mjini kama kaka alivyopanga. Kaka akakaa chini sakafuni, akalia kama mtoto.
Wale watu wa kwenye kitabu hawakuwa wajinga. Walikuwa waoga, kama sisi, na kila mmoja akamwonea mwenzake aibu. Mwandishi hakuruhusiwa kusema, akatania. Mtani hashtakiwi.

Jumatatu, 16 Juni
Tumemaliza kitabu. Kaka alikuja kutoka kwake Bunda, akakaa na sisi, akasikiliza ukurasa wa mwisho. Baba kaniuliza tena. Nimemwambia sasa nimeelewa. Akasema, najua, mama. Akalala.

Jumanne, 24 Juni
Tulimzika Jumamosi, Butiama, kando ya mama. Suti ya bluu ilimkaa vizuri, ila mikono ya koti ilizidi, ilifunika vidole. Kaka akauliza pale nyumbani, tukiaga mwili. Ramadhani akasema kaiongeza makusudi, Wazanaki wanachelewa kukua. Kaka akacheka mbele ya jeneza, watu wote wanamtazama, na hakujali. Kisha fundi akageukia ukutani akajifuta macho na futikamba yake.
Leo nimerudi Nyakato. Nimefua shuka zake, nimeanika uani. Kitabu kiko pale pale kwenye stuli. Nimekaa kitandani kwake kidogo. Hakuna wa kuniuliza kama nimeelewa.