Shela Lililofika Jumanne

S.L.P. 114,
Karatu.
17 Novemba 2024

Mpendwa kaka Elimringi,

Shikamoo kaka. Pokea salamu kutoka huku kwenye ukungu, wewe uliyezoea joto la Mtwara. Goti linaendeleaje? Wifi ameniambia dawa unazimeza ukikumbushwa tu. Jamani, mzee mzima unafukuzana na vidonge kama mtoto mbele ya mafuta ya samaki! Zimeze, kaka, bado tunakuhitaji.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa mgongo, ambao mvua ikianza nao unaanza. Vuli imekuja vizuri mwaka huu. Kile kishamba cha Qurus tumeshapanda maharage, na udongo wake unanata miguuni vilevile kama enzi zile mama alipokuwa akitukwangua matope kwa kisu mlangoni kabla hatujaingia ndani. Ungesikia harufu yake ukilowa, ungepanda basi kesho asubuhi.

Sasa nikujibu. Umeniuliza mara tatu picha za harusi ya Evelyn ziko wapi, na mara tatu nimekuambia mtandao unasumbua. Nisamehe, nilikudanganya. Mtandao ni mzima kuliko mimi. Evelyn mwenyewe alinikataza kuzituma, na sababu yake haitoshi kwenye kile kidirisha cha simu, ndiyo maana nimetafuta kalamu.

Unamkumbuka Judith? Yule mtoto wa marehemu mzee Nehemia, aliyehama Machame na baba yetu kwenye lori moja, akajenga nyumba ya pili kutoka kwetu. Ndiye uliyekuwa ukimvuta nywele tukitoka shule ya Jumapili, usijifanye umesahau. Sasa ni mama mtu mzima na ana duka la nguo za harusi hapa mjini. Anachukua vipimo, nguo inashonwa Arusha, inaletwa.

Evelyn aliagiza shela kwake mwezi wa sita, akalipa lote, akapewa risiti ambayo Judith ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba litachukuliwa tarehe 21 Septemba. Harusi ilikuwa tarehe 5 Oktoba. Na niseme ukweli, mtoto alitaka kwenda duka la Arusha. Mimi ndiye niliyeshikilia. Nilimwambia, utamrukaje mtu wetu?

Tarehe ishirini na moja tukaambiwa kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Mara fundi anaumwa, mara limeshapakiwa, mara kondakta kapitiliza nalo mpaka Mbulu. Kila nilipokwenda kuuliza nilipewa kiti na chai ya maziwa, tukakumbushana habari za wazee wetu, nikarudi nyumbani nimeshiba na shela sina.

Ijumaa jioni, nywele zimeshatengenezwa, mwanangu hana nguo. Tukakimbia kukodi duka jingine, likawa limebaki moja, la mtu mwenye mwili mara moja na nusu ya Evelyn. Salima, jirani yangu yule wa Singida, alilibana mgongoni mpaka pini zikatuishia. Kanisani mbili zikaachia. Basi kaka, harusi nzima bibi harusi kashika kiuno kwa mkono wa kushoto nguo isije ikamvuka. Kula kiapo, kashika. Kukata keki, kashika. Hata Sakaya, rafiki wa bwana harusi Yohana, aliyetoka Olbalbal na kondoo wa zawadi, alinivuta pembeni kuniuliza kama binti anaumwa na tumbo. Na kila Evelyn aliponitafuta kwa macho, mimi nilimrudishia yangu ya kumwambia avumilie. Siku hiyo nilijiona mama hodari.

Shela likafika Jumanne. Judith alilileta mwenyewe, anacheka, kabakiza kupiga vigelegele tu. Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Eti bibi harusi alivae, wakapige picha upya bustanini, nani atajua! Evelyn hakuligusa. Alisema kwa upole kwamba nguo ya Jumamosi hawezi kuipokea Jumanne, anaomba hela yake. Judith akamwonyesha chini ya risiti, palipochapwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Evelyn akapanda na kidole hadi juu, akakiweka kwenye tarehe.

Unajua yule anafanya kazi mapokezi kwenye loji, huko njia ya Ngorongoro. Mgeni akikosa chumba alicholipia wanamrudishia chake na kumwomba radhi juu, kwa hiyo mambo haya kwake ni ya kila siku. Kesho yake akaenda kwa afisa biashara wa wilaya. Yule bwana akamwambia maneno yaliyochapwa chini hayafuti ahadi iliyoandikwa juu. Shela ni la siku yake, na siku ikipita kwa uzembe wa muuzaji, mteja ana haki ya kuukataa mzigo na kurudishiwa alicholipa. Akamshauri amwandikie Judith barua ya madai, na wasipoelewana yeye atawaita wote ofisini. Evelyn akaiandika.

Hapa ndipo mimi nilipoharibu, kaka.

Jumapili ya pili yake, baada ya ibada, Judith alikuja kwangu peke yake, kajifunga kitenge cha heshima, mkononi kashika isale limepigwa fundo. Huko Mtwara nadhani wanao hawalijui jani hilo, wafundishe. Kwetu Uchagani mtu akikukosea akakuletea isale huna ruhusa ya kulikataa, na ukishalipokea hulirudii tena neno lile mpaka unaingia kaburini. Nilimwona baba akilipokea kwa mtu aliyemlishia ng'ombe migomba yote, wakaenda kunywa mbege pamoja.

Nikaliangalia lile jani. Nikauangalia ua wangu. Kalichuma kwangu! Kaka, kwenye masale ya mama yetu, ambayo miche yake aliipakata njia nzima kutoka Machame, hakumwachia hata baba kuishika. Mtu anakuja kuniomba radhi na jani langu mwenyewe! Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka, halafu tukalia kidogo tukiwakumbuka mama zetu walivyokuwa wakiitana juu ya ua ule kuazimana chumvi. Nikalipokea. Kisha nikampigia simu Evelyn huko Rhotia alikoolewa, nikamwamuru aifute barua yake, yamekwisha.

Akasema, "Mama, isale umeletewa wewe. Shela lilikuwa langu." Akakata simu. Wiki tatu hakukanyaga kwangu, wala simu zangu hakupokea. Yohana ndiye aliyekuwa akinijulia hali, kwa aibu, kama mtu aliyeazima kitu akakivunja.

Mwanzoni nilifoka. Nilisema kazi za wazungu zimemharibu, nikasema mengi, niliongea peke yangu jikoni mpaka Salima akaja kuchungulia kama nina mgeni. Lakini siku moja nikichambua maharage nilikukumbuka wewe na vile viatu vyako.

Mwaka ule wa shida, vitu vyote vilipoadimika. Tuliamkia foleni ya duka la ushirika, ukapanga mawe yetu mawili kushika nafasi, wewe ukijifanya askari wa foleni. Zamu yetu ilipofika, mwenye duka alimpa mama viatu vyako vya shule, vyote viwili vya mguu wa kushoto. Na mama akapiga goti akasema asante sana mwanangu. Asante! Ulivivaa mwaka mzima, unatembea kama bata, na nyumbani tulikucheka na wewe ukacheka. Nalikumbuka lile duka kwa harufu yake tu, sabuni ya mche na mafuta ya taa, na khanga ya mama ilivyokuwa shavuni kwangu nilipomwegemea. Sikufichi, nayapenda mambo yale. Ningeambiwa leo nirudi kwenye foleni ile nisimame ubavuni mwake, ningekwenda pekupeku. Lakini hakuna aliyekuuliza kama viatu vinauma. Hata mimi sikukuuliza. Nakuuliza leo, nimechelewa miaka arobaini: viliuma?

Tulilelewa kumshukuru muuzaji, kaka. Ukipewa, umebahatika. Nami nikataka mtoto wangu naye apige goti.

Basi Yohana aliponiambia kwamba Evelyn hakuifuta barua na afisa amewaita wote Ijumaa, Jumatano nikaenda dukani kwa Judith. Kiti nikakataa, chai nikakataa, akajua kuna neno. Nilimwambia Ijumaa tutaonana kwa afisa biashara. Uso ukambadilika. Akauliza kwa sauti, wateja wakisikia, "Dada Elieshi, leo unarudisha isale?" Loo, nilitamani ardhi ipasuke. Unajua neno hilo lilivyo zito, mama angefufuka. Nikamwambia silirudishi, langu na lake limekwisha na halifufuki, ila siku ile bibi harusi hakuwa mimi.

Evelyn sikumwambia kitu. Nilijua hatapokea simu.

Juzi Ijumaa nikaenda. Ofisi yenyewe ndogo, mabenchi mawili yanatazamana. Huku Evelyn na Yohana, kule Judith na mdogo wake Joel, na mzee mmoja wa kanisa letu waliyemleta awasemee. Nilipoingia, Judith alisogea kunipa nafasi, maana ndivyo tulivyokaa kanisani miaka yote. Evelyn alipoona vile aliinama akaangalia viatu vyake. Afisa akaniuliza, "Mama, wewe umekuja upande gani?"

Nikasema, "Mimi ni mama wa mwenye shela. Nilisamehe kitu ambacho hakikuwa changu, nimekuja kukirudisha kwa mwenyewe." Nikavuka nikakaa karibu na mwanangu.

Judith amekubali kurudisha hela yote kabla ya Krismasi, na shela litabaki dukani lipate mwenyewe. Ameweka sahihi. Lakini leo kanisani alinisalimia kwa kichwa tu, akaenda kukaa mbele. Inaniuma, kaka, nisikudanganye. Zile habari za wazee wetu sina mwingine wa kuzungumza naye hapa Karatu. Nitamsubiri. Najua siku moja atakuja, na safari hii namwomba Mungu apande masale yake mwenyewe.

Picha nazo usinidai mimi tena. Evelyn atakutumia akipenda, na asipopenda, usimlazimishe.

Msalimie sana wifi Angelina na umshukuru kwa zile korosho, nilizificha na bado zimekwisha. Wasalimie Hilary na wadogo zake, waambie shangazi yao anawangoja likizo, waje na masweta. Salima anakusalimu, Yohana anakusalimu kama mjomba wake. Mungu aliyetufikisha hapa toka kwenye lori lile akulinde na wote walio chini ya paa lako, akupe usingizi wa amani na goti la kukuleta nyumbani.

Nilisahau kukuambia. Tulipotoka ofisini mvua ilikuwa inanyesha, tukasimama chini ya paa la kioski kungoja bodaboda. Nikamuuliza Evelyn, "Siku ile, mwanangu, uliumia?" Akaanza kusema. Bodaboda tatu zilikuja zikaondoka bila sisi, kaka, na mimi sikumkatiza hata mara moja.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Elieshi