Koo Lisilouma

Jumapili, mwezi wa saba, 1957. Kihesa, Iringa.

Baridi ya leo inakata masikio. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye sufuria. Sikwenda kanisani. Mtu aliyetangaza juzi kwamba koo linamuuma hawezi kuonekana leo akiimba.

Koo langu haliumi.

Naandika hapa kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Mke wangu anajua, na tangu jana ananiwekea chakula mezani bila kunikaribisha.

Mambo yenyewe ni ya Tusajigwe, fundi cherehani, anayeimba besi katika kwaya yangu. Wiki ya tatu sasa yuko mahabusu kwa kosa la kukusanya watu bila kibali. Watu wenyewe walikuwa wamekaa nje ya kibanda chake wakiulizana kwa nini mtu aombe ruhusa ndipo aseme. Rafiki zake wakaandaa tamasha jana mchana, ili zipatikane pesa za wakili wa kumtetea.

Wapigaji na waimbaji wote walikubali kuja bure. Vijana wa magitaa walikuja. Mzee Mgata, mpiga ligombo, kile kinanda cha nyuzi cha Wahehe, alitembea kwa miguu tangu alfajiri. Walipomuuliza kama haogopi, alijibu, "Nyie, hii mikono haina mwajiri. Nimwogope nani?"

Mikono yangu inaye mwajiri. Mimi ni mwalimu, na walimu tumekatazwa mambo ya siasa. Lakini nisijifiche nyuma ya katazo. Ijumaa mkuu wa shule aliniuliza tu, "Mwalimu, kesho utakuwepo mjini?" Hata hajafunga mdomo, nikawa nimeshika shingo. Koo, bwana. Sauti imekwisha kabisa.

Hakuniomba uongo huo. Niliutoa bure, kama wenzangu walivyotoa vipaji vyao.

Jioni nikawaambia wanakwaya hivyo hivyo, kwa kunong'ona. Wakanipa pole. Sekela, anayeongoza sauti ya kwanza, akasema, "Usijali, mwalimu, tutajikaza wenyewe." Nikamwitikia kwa kichwa kama mgonjwa wa kweli.

Ningekuwa na akili ningebaki nyumbani. Nilikwenda. Nikajifunga skafu mpaka masikioni, nikasimama kando ya uwanja penye mikaratusi, mahali ambapo mtu akiniuliza ningesema nilikuwa napita tu. Pale mbele kulikuwa na askari mwenye daftari, na kila kalamu yake ilipogusa karatasi nilihisi anaandika jina langu.

Mzee Mgata alipiga, watu wakacheza. Kisha kwaya ikasimama. Walichagua wimbo anaoupenda Tusajigwe. Sasa, katika kwaya yetu sauti ya kuanzia huitoa mimi, miaka sita hii. Navuma kidogo tu, mmm, nao wanaishika. Jana Sekela alianza mwenyewe, kwa woga, akaanza juu mno. Nilijua palepale kwamba hawatafika. Kwenye ubeti wa pili sauti za kwanza zikapasuka. Mmoja akanyamaza, wa pili akanyamaza, watu wakaanza kucheka. Sekela akaangalia chini.

Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwao. Kuvuma tu kungetosha. Hata askari asingejua imetoka wapi. Sauti ilikuwa imekaa kooni, tayari kabisa.

Nikaimeza.

Ndipo mama mmoja wa mstari wa mbele, amejitanda blanketi, akainuka akavuma. Sauti ya kizee, inatetemeka, lakini ilikuwa ileile yangu. Ileile hasa. Kwaya ikaishika, na safari hii ikafika hadi mwisho. Watu walipiga makofi, nami nikapiga pia, nikijiona mnafiki kweli.

Kumbe ni mama yake Tusajigwe, aliyekuja kwa basi kutoka Mbeya. Walimwonyesha niliposimama, akanifuata huku akifunua kikapu.

"Mwalimu, pole na koo. Pole sana, baba," akasema, akanishikisha chupa ya asali. "Hii nilimletea Tusajigwe, gerezani wameikataa. Basi utumie wewe."

Akaendelea, "Akija nyumbani anaimba mpaka ng'ombe wanachoka. Ananiambia, mama, mwalimu wangu anaanzia hapa. Ndiyo maana nimejua. Upone upesi, siku atakayotoka utaanza wewe."

Nikamshukuru. Kwa kunong'ona.

Mbele ya mama yule, na chupa ya mwanawe mkononi, bado nilinong'ona! Nimefanya mambo ya kijinga maishani, lakini hili linanichoma kila nikilikumbuka, nami nalikumbuka kila dakika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kitu juu ya mtu anayeficha uzima.

Asali iko hapa mezani, mbele ya daftari hili. Mke wangu amekataza isiguswe, hata watoto wanajua.

Basi la Mbeya linaondoka kesho saa moja asubuhi, na mama atakuwemo. Saa moja hiyohiyo kengele ya shule inalia, na mkuu wa shule husimama mlangoni. Nikiirudisha chupa hii itabidi niseme kwa nini, na safari hii siwezi kusema kwa kunong'ona.

Nimejaribu sasa hivi, peke yangu hapa. Mmm. Imetoka safi. Huko jikoni mke wangu ameacha kukoroga, anasikiliza.

Kesho pale kwenye basi, je, itatoka?