Leo Nimeshika Bureti, Baba

Mpendwa baba,

Nimechoka. Nimeingia nyumbani sasa hivi kutoka kazini, hata viatu sijavua, na wa kwanza niliyetaka kumweleza ni wewe.

Unakumbuka chuo kilipoanza kutufundishia mtandaoni? Kule kwetu Subukia mtandao ulishika kule juu tu, kwenye shamba la kahawa, basi tukapanda wote wawili, mimi na laptopu, wewe na mwavuli wa kuikinga jua. Mwalimu wa kemia akisema, "Angalieni rangi inavyobadilika," picha inakwama hapo hapo. Ikirudi, rangi imeshabadilika. Ulicheka mpaka mwavuli ukatikisika.

Baadaye nikapanga chumba Kiamunyi, lakini maabara ilibaki kwenye skrini. Nawe, karani wa kupima maziwa miaka yote hiyo, ukawa unapiga simu kila jioni na swali lako moja: "Haya msomi, leo umeshika nini?"

Nilikudanganya, baba. Nilisema nimeshika bureti, ule mrija mrefu wa kioo wa kudondosha dawa tone kwa tone. Nilikuwa nimeuona kwenye video tu. Ukawatangazia watu wote pale dairy ulikopimia maziwa. Tukakuzika kabla sijahitimu, ukiwa bado unaamini.

Leo ilikuwa siku yangu ya kwanza ya majaribio kazini, maabara ya maziwa hapa mjini. Madam, mkuu wa maabara, akanipa bureti nipime uchachu. Nikakaza kile kifungulio cha chini kama mtu anayefunga mfereji wa shambani, kikakatika mkononi. Dawa yote ikamwagika mezani.

"Kwani huko chuo mlikuwa mnafanya nini?" akauliza.

Nina cheti, nina alama nzuri, na vidole vyangu havijui chochote. Nina hasira na ile miaka, ila hata hasira yenyewe imechoka.

Kisha akanipa kile kipimo cha kioo kinachoelea, cha kujua kama maziwa yametiwa maji. Nikainama mpaka jicho likawa usawa mmoja na maziwa, bila kufikiri. Nilikusikia kabisa: "Inama! Maziwa hayasomwi umesimama kama chifu." Nilikuwa darasa la sita, nimevaa gumboots zako zilizonifika magotini.

Madam akainama naye, akakisoma. "Hiyo nayo nani alikufunza?"

"Baba yangu."

"Sawa. Rudi Jumatatu ujaribu bureti tena. Ukishindwa, my dear, siwezi kukuweka."

Kwa hivyo nina siku tatu. Nimetoa ile sirinji yako ya kunywesha ndama dawa, nadondosha maji nayo kwenye kikombe, tone moja moja. Bado mara nyingine yanatoka mawili.

Nisamehe ule uongo. Simu haijalia jioni hii, lakini swali nalijua. Leo nimeshika bureti, baba, ya kwanza maishani mwangu, na nimeivunja.

Ni mimi msomi wako,
binti yako.