App Niliyoichagua na Pesa za Mwethya

Kikima Sokoni,
Mbooni, Makueni.
30 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Kyule,

Pokea salamu zangu na za mama, pamoja na za wote wanaokujua hapa Kikima, na si wachache. Sisi tuko salama, Mungu ni mwema. Mgongo wako unaendeleaje? Uliniambia unakuuma ukishuka kwenye kreni. Usiuzoee, nenda hospitali. Na lile joto la Doha limepungua, ama bado maji ya mfereji yanatoka yakiwa yamechemka?

Huku mvua ilianza vizuri, ikatuchezea wiki mbili, sasa imerudi. Mahindi yamefika magotini na maharagwe yametoa maua. Mama ni mzima. Presha imeshuka tangu abadilishiwe dawa, ni goti tu linamsumbua akipanda kutoka mtoni. Sahani ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, bado anaimaliza. Mwanangu Kalunde yuko nyumbani, shule zimefungwa, na ukimwona hutaamini, amenipita urefu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu wewe unasoma nusu na kujibu yote. Jonah, yule kijana wa mzee Mbaluka, anarudi huko Alhamisi, na nimemwambia akupe hii barua mkononi na asiondoke kabla hujaimaliza. Umesema Desemba huji. Miaka minne mama amekuwa akiingojea hiyo Desemba, na wewe umeifuta kwa meseji moja. Kwa hivyo kaa chini tuongee.

Wewe ndiye uliyetaka nichague app ya pesa za nyumbani, ndio uone zile elfu kumi na nane zako za kila mwezi zinaenda wapi. Sikukataa. Mimi ni fundi wa nguo, napima mara mbili ndio nikate, nikajua na hili nitaliweza.

Ya kwanza, ile uliyoisifu, kwa macho ilikuwa nzuri sana. Ilitaka nilipe kwa dola kila mwezi. Ilikuwa na sehemu ya mkahawa, sehemu ya safari za likizo, na sehemu ya chakula cha paka. Paka wetu anakula panya, Kyule. Nilitafuta mahali pa kuandika pesa ya kusaga mahindi, harambee ya kanisa na vibarua wa kupalilia, nikakosa. Siku ya tatu nikaifuta.

Ya pili nilionyeshwa na Musyimi, yule anayeuza simu karibu na stegi ya matatu. Hiyo inasoma meseji za M-Pesa yenyewe na kupanga: hizi zimeingia, hizi zimetoka. Sikuandika chochote. Nilifurahi kama mtu aliyepata cherehani inayoshona yenyewe. Mwisho wa Oktoba ikaniuliza kama kuna mtu nataka kumtumia hesabu ya mwezi. Nikachagua jina lako nikagonga, hata kabla sijaifungua kuiona. Mimi huyo huyo wa kupima mara mbili.

Wewe ukaona nimepokea elfu sabini na mbili. Zako kumi na nane, zangu za kushona kumi, na elfu arobaini na nne ambazo app haikujua zimetoka kwa nani wala zimeenda kufanya nini. Ukaniandikia, "Wayua, mimi siyo mjinga. Desemba nabaki huku, na pesa nitajua mtu wa kumtumia." Halafu ukampigia mjomba Mutisya kule Kibwezi kabla ya kunipigia mimi. Hilo liliniuma kuliko pesa ya Novemba ambayo hukutuma. Nililia siku nzima, siku ya pili nikakasirika, na hasira ndiyo imenipa nguvu ya kushika kalamu.

Sasa sikiliza. Mimi ni mweka hazina wa mwethya wetu. Unatujua vizuri, ni wale kina mama waliochimba matuta ya shamba letu ule mwaka baba alipolazwa. Kila Jumanne tunachimba kwa mmoja wetu, na siku hiyo kila mtu anatoa mia tano, mwenye shamba anapewa zote. Zamani tulikuwa tunakuja na noti zimefungwa kwenye leso, zikawa zinaanguka kwa udongo. Siku hizi wenzangu wote ishirini na wawili wananitumia kwa simu. Hizo ni elfu kumi na moja kwa wiki, na Oktoba ilikuwa na Jumanne nne. Piga hesabu mwenyewe.

Zinaingia kwangu asubuhi na kutoka jioni, hata harufu yake siisikii. App haijui mwethya ni nini, na siwezi kuilaumu. Lakini wewe umezaliwa Mbooni.

Hata hivyo kosa langu nimelikubali. Pesa za watu na pesa za nyumba hazifai kupita laini moja. Nimenunua laini nyingine ya mwethya peke yake, na mwenyekiti wetu Nduku ndiye anakaa nayo. Huyo Nduku aliposikia maneno yako alitaka kukupigia, na unajua mdomo wake. Nilimsihi, nikamwambia aweke sahihi badala yake. Ndani ya bahasha hii utapata kopi ya kurasa za Oktoba za daftari letu, na majina yote ishirini na mawili. Wengine wameweka sahihi, wengine kidole. Wa tatu kutoka chini ni mama yake Jonah. Muulize Jonah akiwa hapo mbele yako.

App niliyoichagua ni ya tatu. Haina maringo. Ni ya bure, haili bundles, na haisomi meseji za mtu. Kila kitu naandika kwa mkono wangu, na sehemu zake nazipa majina mwenyewe: kusaga, dawa za mama, kanisa, shamba, fees. Mama anakaa kando yangu na kunikumbusha ya sukari. Kila Jumapili nakutumia hesabu, baada ya kuisoma mimi kwanza. Ukiniuliza ni gani nzuri, nitakwambia ni hiyo, na sibadilishi.

Siku ya kuianza iliniuliza nyumba yetu ina watu wangapi. Nikaandika watatu: mama, mimi na Kalunde. Mama akaniuliza nimeandika nini, nikamsomea. Akaweka chini kikombe chake.

"Andika wanne," akasema. "Nani alikwambia Kyule amehama?"

Nikaandika wanne. Kisha akataka uwe na sehemu yako, yenye jina lako, kama dawa zake zilivyo na sehemu. Kila wiki ananipa pesa ya mayai niiweke na kuiandika humo, na juzi aliuza jogoo mmoja bila kuniambia. Mwezi huu wote tumekula kwa cherehani yangu, na bado amenikataza kugusa hiyo sehemu, hata siku ile sukari iliisha.

Leo baada ya kanisa nimeifungua. Kuna shilingi elfu mbili mia tatu na hamsini. Kwa ndege haitoshi, tunajua. Lakini kutoka uwanja wa ndege hadi Kikima inatosha, na ya soda inabaki. Pesa ya Desemba usitume kama hutaki, Kyule. Wewe njoo.

Mjomba Mutisya nimemwonyesha daftari, anakusalimu kwa aibu kidogo. Kalunde anakusalimu, Nduku pia anakusalimu lakini amenuna. Mama anasema Mungu akushike huko juu ya kreni na akushushe salama.

Mimi dada yako, nikupendaye hata ukinikosea,

Wayua